Jezi Isiyofuliwa

Katika nyumba yetu hapa Pittsburgh kuna vitu vinavyofuliwa na vitu visivyofuliwa, na aliyeweka sheria hiyo si mimi. Shuka hufuliwa, mapazia hufuliwa, hata zulia la sebuleni kila kiangazi huburutwa uani likapigwa maji. Lakini soksi yenye tope ya mwanamume nisiyemjua, tena mwenye mshahara wa mamilioni, hiyo haiguswi. Imo ndani ya mfuko wa plastiki, mfuko umo ndani ya kasha, na kasha lina kufuli.

Mume wangu Idrisa, Baba Zuhura, hukusanya vifaa vya besiboli vilivyokwisha kutumika mchezoni. Jezi mpya ya dukani, kwake, ni kitambaa tu. Anachotaka ni jezi iliyotoka jasho, rungu lililopasuka mikononi mwa mpigaji, kofia ngumu yenye mikwaruzo na mpira uliogonga ukuta. Kadiri kitu kilivyochakaa ndivyo sauti yake inavyoshuka anapokitaja, kama mtu anayesoma dua.

Na timu yake ni Pittsburgh Pirates. Anayeijua besiboli atanipa pole hapo hapo. Mara ya mwisho kuchukua ubingwa ilikuwa 1979, kisha kuanzia 1993 hadi 2012 wakamaliza misimu 20 mfululizo wakiwa wamepoteza mechi nyingi kuliko walizoshinda. Lakini Baba Zuhura ni mtoto wa Tanga, amelelewa na timu ya soka ya Coastal Union, na Coastal Union walichukua ubingwa wa ligi mara ya mwisho mwaka 1988. Kungoja alishafundishwa tangu utotoni.

Ugonjwa wenyewe ulimpata usiku wa tarehe 26 Aprili 2017. Usiku huo kijana wa Afrika Kusini, Gift Ngoepe, aliingia uwanjani na Pirates, akawa mchezaji wa kwanza mzaliwa wa Afrika kucheza katika ligi kuu ya Marekani. Mara yake ya kwanza kushika rungu alikuwa anatazamana na Jon Lester wa Chicago Cubs, mabingwa wa mwaka uliotangulia, naye akaupiga mpira na kufika kituo cha kwanza salama. Baba Zuhura aliruka hadi chai ikamwagika. Akapiga simu Tanga, kwao ni saa tisa usiku.

“Mama! Mwafrika kapiga!”

Mama mkwe akaamka kwa hofu. “Kampiga nani? Polisi wameshafika?”

Kuanzia hapo vitu vikaanza kuingia nyumbani. Ulianza mpira mmoja wenye tope, nikaambiwa tope hilo si la bure: kila mpira wa ligi kuu hupakwa kabla ya mechi matope maalumu yanayochotwa kwenye kijito cha mto Delaware, huko New Jersey, ili ngozi isiteleze mkononi mwa mrushaji. Halafu nikaonyeshwa stika ndogo inayong'aa yenye namba yake. Ligi ilianza kuzibandika mwaka 2001, baada ya wapelelezi wa FBI kufichua biashara kubwa ya saini za kughushi. Siku hizi kila mechi ina mashahidi wake, wengi wao polisi au polisi wastaafu, na shahidi habandiki stika juu ya kitu asichokiona kwa macho yake mwenyewe kikitumika. Yaani polisi mzima anakaa pembeni ya uwanja akilinda tope. Nilikaa kimya, nchi si yangu.

Nilipolalamikia matumizi niliambiwa ni akiba. Baba Zuhura ana mifano yake, na mpendwa wake ni jezi ya Babe Ruth ya fainali za 1932, iliyouzwa mnadani Agosti 2024 kwa zaidi ya dola milioni 24. Nikamuuliza sisi Babe Ruth wetu ni yupi. Akanionyesha rungu lililopasuka la mchezaji wa akiba aliyeuzwa mwaka uleule.

Sasa niwaeleze mahali vilipokaa, maana msiba wetu ulianzia hapo. Nyumba nyingi za zamani za Pittsburgh zina choo huko chini besimenti, na sisemi chumba cha choo. Nasema choo: kimesimama peke yake juu ya sakafu ya zege, hakina ukuta, hakina mlango, hakina hata pazia. Wenyeji husimulia kwamba wafanyakazi wa viwanda vya chuma walitoka zamu wakapita mlango wa chini, wakajisafisha huko kabla ya kupanda juu kwa wake zao. Wengine husema kiliwekwa ili maji machafu yakirudi nyumbani yatokee pale kwanza. Tulisimuliwa yote mawili siku tuliponunua nyumba. Baba Zuhura alisikia la kwanza tu. Akapanga marungu ukutani nyuma ya choo, glavu kwenye rafu, na mipira yake juu ya tangi la choo lenyewe, kila mmoja kwenye kikombe chake cha kioo.

Jezi ilipewa heshima ya peke yake, ikatundikwa kwenye henga ikitazama ngazi. Ilikuwa jezi nyeupe ya nyumbani, NGOEPE mgongoni. Kwa bei yake ningekwenda Dar na kurudi, na mizigo ya ziada juu. Haikuwa na stika ya ligi. Ilikuwa na barua ya muuzaji, karatasi nzito yenye mhuri wa dhahabu.

Mama mkwe alipopata viza ya kuja kutuona, alishuka besimenti siku ya pili. Ni fundi cherehani, amewashonea watu wa Ngamiani, huko Tanga, tangu mume wangu hajazaliwa, na kazi hiyo haijamwachia jicho la kuona kitu kwa ujumla. Huanza na mshono. Aliupita ukuta wa marungu bila kusema neno. Akauchukua mpira, akauzungusha polepole kwenye mwanga wa dirisha.

“Huu umeshonwa kwa mkono.”

“Naam, Mama,” Baba Zuhura akasema, kifua mbele. “Costa Rica. Mishono 108 ya nyuzi mbili.”

“Na mwisho wa uzi wameuficha wapi?” Akautafuta kwa ukucha, asiuone, akautikisia kichwa kwa heshima. “Huyu aliyeshona ni fundi. Huyu ndiye ungehifadhi jina lake.” Kisha akakigeukia choo, akanitazama mimi, na jioni ile akafunga kamba na kukizungushia kanga mbili.

Mvua ilikuja usiku, mwezi wa saba. Mitaa mingi ya mji huu maji ya mvua na maji ya vyoo hupita bomba moja, na mvua ikizidi bomba hujaa, yakashindwa kwenda mbele. Niliamshwa na sauti kama ya mtu anayesukutua mdomo chini ya nyumba. Nilipowasha taa ya ngazi, kanga za mama mkwe zilikuwa zinaelea, na katikati yake choo kinabubujika.

Mnataka kumjua mume? Msubirini siku ya mafuriko. Ngazi ya chini kabisa palikuwa na sanduku la vyeti, pasi na karatasi zetu za uhamiaji. Baba Zuhura aliliruka. Aliruka na gunia la mchele, akaruka na baiskeli ya Zuhura, akaenda moja kwa moja kwenye marungu, akayakumbatia yote na kupanda nayo huku suruali ya kulalia ikimwanguka. Karatasi nilizitoa mimi. Mchele ulikwisha kunywa. Kasha la soksi, pamoja na kufuli lake, lilielea hadi kwenye pipa la nguo chafu, likatulia humo kama limefika kwao.

Juu ya ngazi mama mkwe amesimama na tasbihi mkononi. “Idrisa! Hayo maji ni najisi! Usiingize kitu jikoni!”

Kulipokucha, jezi ilikuwa imelala kifudifudi kwenye tope, henga na yote. Mama mkwe aliiokota kwa ncha ya fimbo ya ufagio, akaitia kwenye beseni uani, akafungulia maji.

“Mama, nakuomba, hiyo haifuliwi. Tope ndilo thamani yake.”

“Lipi? La uwanjani au la chooni?”

Baba Zuhura akainama juu ya beseni, na namwonea huruma nikikumbuka, maana alikuwa anajaribu kweli kuyatenganisha kwa macho.

“Najisi,” mama mkwe akaendelea, sasa amekunja mikono ya gauni, “utaiosha mpaka iondoke rangi, harufu na ladha.”

“Hiyo rangi ndiyo niliyoilipia!”

“Basi umelipia najisi. Niletee sabuni.”

Aliosha kila kitu. Mipira ilikuwa imevimba, sufi ya ndani imekunywa maji, mishono 108 imekaza kama mkanda wa mtu aliyetoka karamuni. Ulimbo wa msonobari kwenye marungu haukubali maji, kwa hiyo marungu yalitoka salama, ingawa ilibidi nimnyang'anye chupa ya mafuta ya taa.

Ilikuwa katika kuisuuza jezi kwa mara ya tatu ndipo mikono yake iliposimama. Akaigeuza ndani nje, akaitandika juu ya goti, akaniita mimi, si mwanawe.

“Mkaza mwanangu, hebu pitisha kidole hapa.”

Jina la mgongoni lilikuwa limeshonwa kwenye kipande cha kitambaa, na kipande kimeshonwa juu ya jezi. Kushoto na kulia yake, nje ya ukingo, kulikuwa na mstari wa vitundu vya sindano usio na uzi. “Hapa palikuwa na jina lingine,” akasema, “na lilikuwa refu kuliko hili.”

Baba Zuhura alikuwa na jibu. Timu hubadilisha majina, akasema, na katika hilo alikuwa na haki: jezi ya mtu aliyeondoka hubanduliwa jina ikapewa mgeni, na Ngoepe alikuwa mgeni. Mama mkwe akalikubali. “Lakini mgeni huyo kashonewa na timu au kashonewa na jirani? Uzi wa namba huu hapa, mnene, umekaza. Uzi wa jina ni mwembamba, na wa chini umelegea. Cherehani hii ni ya nyumbani, na mwenyewe hajui kuifunga.”

“Ina barua, Mama. Ina mhuri.”

“Barua haishoni nguo.”

Tukatafuta picha za usiku ule wa Aprili. Kumbe wakusanyaji wakubwa nao hufanya hivyo hivyo: hulinganisha jezi na picha ya mechi, hasa mahali herufi za kifuani zinapokatwa na mstari wa vifungo, kwa sababu mashine haikati nguo mbili sawasawa. Zuhura akaikuza picha kwenye kompyuta. Bibi yake akaweka miwani, akaweka jezi kando ya kioo. Kwenye picha herufi zilikutana vizuri juu ya vifungo. Kwenye yetu upande mmoja umepanda. Hakuna aliyesema kitu kwa muda, kisha Zuhura, ambaye ana umri wa kutokuwa na huruma, akauliza: “Baba, si ulisema jezi zao zinafuliwa hapohapo uwanjani kila mechi ikiisha?”

Nikamgeukia. Alikuwa anajua! Miaka yote hiyo ya “haifuliwi, haifuliwi”, na huko kwenye klabu kuna watu wameajiriwa wafue usiku uleule, na madoa anayoyaabudu ni yale tu yaliyoishinda sabuni.

“Wanafua watu wenye utaalamu,” akanung'unika.

Mama mkwe akauliza huyo kijana wa Afrika Kusini mama yake alikuwa na kazi gani. Baba Zuhura akamweleza kwamba alikuwa mtunzaji wa jengo la klabu ya besiboli ya Randburg, karibu na Johannesburg, akipika na kusafisha, na familia ikiishi katika chumba kimoja humohumo, ndipo mtoto akaujua mchezo.

“Ehee,” akasema mama mkwe, na kurudi kwenye beseni lake.

Chakula cha usiku siku hiyo kilikuwa kigumu kumeza, na Baba Zuhura akatusimulia, kwa kujiliwaza nadhani, habari ya mpira ambao mashabiki wa Cubs waliulaumu kwa kuwanyima fainali za 2003. Mkahawa mmoja wa Chicago uliununua kwa zaidi ya dola 113,000, ukaulipua hadharani mwaka 2004, na mwaka uliofuata masalia yake yakachemshwa, mvuke wake ukakingwa na kutiwa kwenye mchuzi wa tambi. Mama mkwe aliweka kijiko chini, akauchungulia mchuzi wangu.

Muuzaji alibishana kwa barua ndefu, akadai naye aliuziwa hivyo hivyo. Mwishowe alirudisha pesa, si zote. Hapo ndipo kesi nyingine ikaanza, kwa sababu kila mmoja wetu alikuwa ameshazitumia kichwani. Baba Zuhura akaniletea mfano wa San Francisco: mwaka 2001 Barry Bonds alipiga mpira wake wa 73 wa msimu ukavuka ukuta, watu wawili wakaugombania jukwaani hadi mahakamani, na jaji akaamua kila mmoja ana haki sawa, mpira uuzwe wagawane. Ukauzwa dola 450,000. Nami nikamwambia nimekubali hukumu ya jaji, tugawane, na nusu yangu naitia kwenye vali ya kuzuia maji machafu yasirudi. Fundi bomba alipotaja bei yake, ilibidi nusu ya Baba Zuhura nayo iende huko huko. Hakukata rufaa.

Jezi hatukuirudisha, muuzaji hakuitaka. Mama mkwe alibandua lile jina kwa wembe, uzi baada ya uzi, akapunguza mabega, na Zuhura huivaa kulalia.

Juzi Baba Zuhura kaanza tena. Safari hii ni kituo, lile tandiko jeupe ambalo wachezaji hulikimbilia na kulikanyaga. Lina stika, anasema, namba yake ameihakiki kwenye orodha ya ligi mara mbili. Nimechukua futi ya mama mkwe nikapima. Nimemwambia kama ni la kabla ya 2023, la inchi 15, litaenea juu ya kabati la viatu. Haya mapya ya inchi 18 yabaki uwanjani kwao.