Sifa za Bwana Sasisho

Korosho imesifiwa ikatosha. Salfa, dawa ya mikorosho, nayo ina watetezi wake, na hata kangomba, ule ununuzi wa magendo, ina mashabiki wa siri. Asiye na wa kumsifu ni Bwana Sasisho, yule anayeingia ndani ya programu ikiwa kazini na kuanza kubadilisha moduli zinazotegemeana, huku watu wamejaa dirishani. Leo nampa haki yake.

Kwanza, ni mtu wa watu. Hapendi ofisi tupu. Mwezi wa Machi, Newala imetulia na maghala ya Masasi yamefagiwa, humwoni. Ngoja Oktoba minada ianze, foleni ifike nje mpaka kivulini mwa mwembe, ndipo anapopiga hodi. Na siku hizi ana pa kupiga hodi. Zamani wanunuzi waliandika bei kwenye karatasi wakaitumbukiza sandukuni, na sanduku halisasishwi. Tangu msimu wa 2024, korosho za vyama vikuu vya ushirika, MAMCU upande wa Masasi na TANECU upande wa Newala, zinanadiwa kwa mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa la Tanzania, TMX. Simsemi mtu hapa. Nasema tu kwamba uzito wa ghalani, stakabadhi, bei ya mnada na akaunti ya benki ni vitu vinavyosubiriana, na kimoja kikiguswa vingine vinashtuka.

Pili, ni mfariji wa makarani. Kabla yake, karani aliyetaka kumrudisha mzee nyumbani ilimlazimu atunge uongo wake mwenyewe, kila siku mpya. Sasa kazi ni nyepesi:

"Mjukuu wangu, hela zimeingia?"

"Bado babu, mtandao unasumbua. Njoo kesho."

Babu ataondoka. Amlaumu nani? Mtandao hauna ofisi wala mwenyekiti.

Na kiburi anakitibu bila dawa. Machi 2016, mwandishi wa programu Azer Koçulu aliondoa kwenye npm, hazina ya moduli za JavaScript, kimoduli chake kiitwacho left-pad: mistari 11 tu, na kazi yake kujaza nafasi upande wa kushoto wa maandishi. Basi mafundi wa kampuni kubwa kubwa wakaona programu zao zinagoma kujengwa, na wengi wao hawakujua hata kama wanakitegemea. Anayemdharau naye hakopeshwi: Desemba 2021 lilipotangazwa tundu la usalama kwenye Log4j, maktaba ya Java inayoandika kumbukumbu za programu, waliozoea kusema "usiguse kinachofanya kazi" waliisogelea Krismasi wakiwa wamekodolea seva macho.

Ila ufundi wake uko kwenye Erlang, lugha iliyotengenezwa na Ericsson wa Uswidi miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu, ambayo haizimwi eti kwa sababu fundi amekuja. Humo moduli moja inaruhusiwa kuwa na matoleo mawili kwa wakati mmoja, la zamani na la sasa. Mtenda kazi (mafundi humwita mchakato) aliyekuwa katikati ya kazi kwenye la zamani anaachwa amalize; akiita tena kwa jina kamili la moduli, anajikuta kwenye jipya. Likija la tatu huku yeye bado anasuasua kwenye la kwanza, anauawa. Na kwa moduli zinazotegemeana kuna itifaki: anayetegemea husimamishwa kwanza, kisha anayetegemewa, msimbo unabadilishwa, wote wanaamshwa. Ukivuruga mpangilio huo, moduli mpya itamwagiza jirani kazi ambayo bado hajafundishwa. Seva za WhatsApp zimeandikwa kwa lugha hiyohiyo, kwa hiyo katibu wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika, anaporusha bei ya mnada kwenye kundi la wakulima, ujumbe wake hupita mikononi mwa ustaarabu huo. (Kwamba bei yenyewe huleta ugomvi kundini, hilo halimhusu Bwana Sasisho.)

Kwa hiyo inawezekana kubadilisha bila kumsimamisha mtu dirishani. Inataka tu aliyekaa akapanga nani anamtegemea nani kabla ya kugusa, akafanya jaribio pembeni, na akaliweka toleo la zamani karibu ili arudi nyuma mambo yakiharibika. Mafundi wetu mnayajua haya kuliko mimi. Basi nawaombeni: msifieni Bwana Sasisho mtakavyo, lakini mkaribisheni Machi, mkulima akiwa ameshalipwa.