Sifa za Kunguru, Mwenyeji wa Kilindini

Kunguru amesemwa vya kutosha. Ameitwa mwizi, mchafu, muuaji wa vifaranga, na mnamo Juni 2024 Shirika la Wanyamapori la Kenya, KWS, likamtangazia vita rasmi: kunguru milioni moja waondolewe kabla ya mwaka kwisha. Hata mwizi wa simu pale Marikiti hupata wakili. Huyu hakupata. Basi nimejitolea mimi, na ushahidi wangu ni matembezi ya siku moja ya masika pale Mama Ngina, mlangoni pa bandari ya Kilindini.

Nilikuwa na shemeji yangu kutoka Kakamega, niliyemwahidi mengi: meli kubwa zipitazo karibu na ufuo, yangeyange weupe juu ya miamba, kaa wakitembea upande, na Mungu akijaalia, pomboo. Tulipofika mvua ilikuwa imeshashika, ile ya Mei inayokuja kutoka baharini bila salamu. Likoni ilifutika. Meli ilipita tukaisikia honi tu. Yangeyange hawakuja, kaa walikuwa mashimoni mwao, na pomboo, wenye akili zao, walibaki majini walikozoea kulowa.

"Shemeji, hao wanyama wako wapi?" akauliza, maji yakimchuruzika puani.

Hapo ndipo mwenyeji alipojitokeza. Alitua kwenye tawi la mbuyu, shingo ya kijivu, koti jeusi limemganda mwilini kama karani aliyenyeshewa njiani kwenda kazini, akalia mara mbili. Kisha akashuka kwenye lami, akaokota kipande cha mandazi kikavu kilichotupwa na mtu, akakitazama, akakipeleka kwenye kidimbwi. Akakichovya. Akakikanyaga kwa mguu mmoja, akakidonoa, akaona bado kigumu, akakirudisha majini. Nimeona watu wazima wasio na subira hiyo mbele ya kikombe cha chai. Alipomaliza alihamia kwenye mihogo yetu ya kukaanga iliyotiwa pilipili na ndimu, akachukua kipande mkononi mwa shemeji bila kumgusa kidole. Mkono wa daktari wa upasuaji haungekuwa mwepesi zaidi.

Na tukumbuke kwamba hakuja huku kwa kiherehere chake. Kwao ni Bara Hindi. Aliletwa Unguja katika miaka ya 1890, enzi za Waingereza, ale taka za mji. Kwa lugha nyingine aliajiriwa, tena serikalini. Mombasa ameonekana tangu miaka ya 1940. Hana mshahara, hana likizo, wala hajawahi kugoma, jambo ambalo sijui ni idara gani nyingine ya usafi inayoweza kujivunia. Tulichofanya sisi ni kumhakikishia kazi haikatiki: nenda nyuma ya soko la Kongowea ukajionee.

Wanasema hula mayai na makinda ya ndege wengine, na kweli, miji yetu ya pwani imepungukiwa na ndege wadogo. Lakini fikiria jinsi alivyowarahisishia kazi wanaojifunza majina ya ndege! Siku hizi jina moja linatosha. Wanasema humfukuza mwewe. Lipi la ajabu, ikiwa anatetea boma? Wanasema huiba nyaya na kujengea kiota. Mwingine angeitwa fundi wa kuokoa vyuma chakavu, apewe cheti. Wahenga nao wakaongeza kwamba kunguru hafugiki, wakidhani wanamtia aibu. Kasuku anafugika, na mwangalieni alipo.

Hata kumuua kunahitaji adabu. Huanza kwa kuandaliwa nyama bure siku kadhaa, mpaka aiamini sahani. Ndipo hutiwa sumu, tena ile ya taratibu, ili afe saa nyingi baadaye mbali na chakula, kwa sababu wenzake wakimwona anaanguka pale pale hawatagusa tena. Sijui ni wageni wangapi wa hoteli za ufuoni wanaofanyiwa mipango ya uangalifu namna hiyo.

Mvua ilipopungua tulivuka Likoni kwa feri. Watembea kwa miguu hawalipi, naye alivuka nasi bure, amekaa juu ya paa la matatu. Safari za baharini si ngeni kwake: katika miaka ya 1990 jamaa zake walishuka melini hadi Hook of Holland, Uholanzi, wakaanza kuzaa bila viza. Nchi kavu nako anasonga, mji baada ya mji, akifuata barabara kuu ya kwenda Nairobi.

Jioni shemeji alipanda basi kuelekea huko huko. Yeye alilipa nauli.