Ameshapaua

Aliyeandika "rahisi kuunganisha" juu ya boksi la nyumba ya plastiki ana kesi na mimi. Nazungumzia vile vijumba vya kupanga pembeni ya reli za treni za mfano, tena vile vya bei ya chini, ambavyo huku Ujerumani unavipata kwa pesa ya chakula cha mchana cha watu wawili. Picha ya boksi inakuonyesha nyumba ya ghorofa, maua dirishani, mwanga wa manjano sebuleni. Ukifungua unakuta fremu za plastiki zilizoning'inizwa vipande vidogo vidogo, kila kimoja na namba yake, na karatasi ya maelekezo isiyo na neno hata moja. Mishale tu. Kipande namba 14 kinaingia kwenye namba 37, na namba 37 hukioni mpaka ukivue kwenye soksi.

Mji wenyewe ndio ulionitia majaribuni. Hapa Hamburg, kwenye maghala ya zamani ya Speicherstadt, mapacha Frederik na Gerrit Braun walifungua mwaka 2001 maonyesho yao ya treni za mfano, Miniatur Wunderland. Mle ndani siku nzima inapita kwa dakika 15 hivi. Jua linazama, giza linaingia, kisha taa kwa mamia ya maelfu zinaanza kuwaka madirishani. Binti yangu Salma alitoka mle akinitazama kwa jicho la mtu aliyeahidiwa kitu. Mzee wa ghorofa ya chini akamalizia kazi: alikuwa anapunguza vitu stoo, akatupatia reli zake zote na treni mbili. Reli bila nyumba, Salma akasema, treni itasimama kwa nani?

Wajerumani nao hawajaanza leo. Hermann na Edwin Faller, ndugu wawili wa kijiji cha Gütenbach kule Msitu Mweusi, walianzisha kampuni yao mwaka 1946. Hebu fikiria mwaka huo: miji imelala kifudifudi kwa mabomu, watu wanatafuta paa la kujisitiri, halafu wawili wanafungua kampuni ambayo itakuja kujulikana kwa nyumba za kulaza watu wa sentimita 2. Na wakapata wateja! Mimi nikitaja saruji ya kiwanja chetu cha Kibaha naambiwa hali ni ngumu.

Gundi. Hii si gundi ya kugandisha, ni ya kuyeyusha. Inalainisha plastiki za pande zote mbili, zinashikana na kuwa kitu kimoja, kwa hiyo tone likidondokea ukutani halifutiki. Linakula ukuta na kuacha kovu. Wala haishiki juu ya rangi. Fundi mwenye akili anapaka rangi kwanza, vipande vikiwa bado kwenye fremu, kisha anakwangua rangi yote pale gundi itakapopita. Jambo hilo halimo katika ile karatasi ya mishale. Nimelipata kwa yule mzee wa chini, ambaye hutoa ushauri wake siku moja baada ya kuhitajika.

Mama Salma naye akaleta mchango wake kutoka soko la mitumba: nyumba ya Kiingereza, nzuri, bei ya kutupa. Hapo ndipo balaa la vipimo lilipoingia. Mjerumani anapunguza dunia mara 87, Mwingereza wa mtindo wa OO anaipunguza mara 76, lakini wote wawili treni zao zinapita kwenye reli ileile ya upana wa milimita 16.5. Mlango wa mita 2 kwa Mjerumani unakuwa milimita 23; kwa Mwingereza unavuka 26. Ukizipanga nyumba hizo jirani, mtaa mmoja unakuwa na ukoo wa majitu. Na usidhani hao wa mara 87 wanasema kweli muda wote. Mnara wa kanisa la Mtakatifu Mikaeli la hapa mjini una urefu wa mita 132. Ukiupunguza kwa haki utabaki mita 1 na nusu, umpite Salma. Ndiyo maana makanisa na viwanda vya maboksini hubanwa zaidi ya kipimo, kimyakimya, na mteja anaambiwa ni mfano halisi.

Haya, nyumba ikasimama. Mtu mwenye busara angeishia hapo. Lakini Salma alitaka usiku.

Taa ndiyo mchongezi mkubwa wa nyumba ya bei rahisi. Mchana kila kitu ni shwari, ila washa taa uone. Plastiki yenyewe nyembamba, kwa hiyo mwanga haupiti dirishani, unapita ukutani, na jumba la mawe la picha ya boksi linang'aa kama mfuko wa rambo uliofunikwa juu ya kurunzi. Dawa yake ni kupaka ndani rangi nyeusi ya kuzuia mwanga, kisha nyeupe juu yake ili mwanga urudi chumbani. Ukimaliza kuta, mwanga unachungulia kwenye pembe. Ukiziba pembe kwa vipande vya karatasi nyeusi, unatokea chini ya paa. Ukifikiria kulibandika paa kwa gundi, acha: siku taa itakapoungua utaivunja nyumba yako mwenyewe.

Zamani watu walitumia viglobu vidogo vya nyuzi, navyo vilipata moto hadi dari ikalegea. Siku hizi ni LED. Hazichemki, lakini zina maringo yake. LED nyeupe inataka volti 3 hivi, transfoma inatoa 12, basi lazima umwekee mlinzi mlangoni, rezista. Wengi wanaweka ya kiloomu 1, na mwanga unaopatikana unafaa chumba cha upasuaji. Weka ya kiloomu 10, tena chagua LED ya mwanga wa manjano, ndipo utapata sebule ya watu waliokula wakashiba. Halafu taa moja inawasha madirisha yote kwa pamoja, dalili kwamba ndani hakuna vyumba. Ikabidi nikate kuta za kadibodi, nigawe vyumba, niamue nani kalala na nani bado anasoma gazeti. Pesa niliyotumia kwa nyaya, rezista na pasi ya kulehemu imeshaipita bei ya nyumba yenyewe, na wapangaji hawajatoa kodi.

Ukishagawa vyumba, mkaguzi anakuja. Salma alilaza kichwa mezani, akachungulia kila dirisha, akaniuliza, "Baba, choo kiko wapi?" Hakuna choo. Hakuna ngazi pia. Wa ghorofani wamefikaje, mwenye kiwanda anajua.

Yote haya ningeyavumilia kama si simu ya Jumapili. Mama mkwe yuko Dar, na kila Jumapili anauliza kiwanja cha Kibaha kimefikia wapi. Kimefikia nyasi. Safari hii Mama Salma akajibu kwa sauti tamu kabisa, "Mkweo ameshapaua, mama. Hata umeme kavuta." Nikasikia vigelegele upande wa pili. Haukupita muda shemeji akaniandikia kunipongeza, na papo hapo kuniuliza kama mabati yalibaki.

Mama akaomba picha. Mke wangu akashusha simu hadi usawa wa meza, akapiga: nyumba, madirisha ya manjano, reli mbele yake. Nilikuwa natafuta pa kuanzia maelezo pale mama alipopiga tena, safari hii bila vigelegele.

"Mwanangu, nyumba nzuri, lakini mbona mmejenga ndani ya hifadhi ya reli? Hao wa reli watakuja kuipiga X ya kubomolewa."

Salma, aliyekuwa anasikiliza kila neno, akauliza rangi nyekundu iko kopo gani.