Namna ya Kuaga Chaki Bila Kutoroka

Ukipigiwa simu kwamba umepata kazi ya kudumu, maliza kipindi, rudi ofisi ya walimu, unywe chai yako na usimwambie mtu. Simu si ajira. Nilimwona mwenzangu akiaga Ijumaa kwa soda na maandazi ya ofisi nzima. Wiki iliyofuata alirudi getini kuuliza kama vipindi vyake bado vipo. Vilikuwa vimeshagawanywa. Subiri barua yenye tarehe ya kuanza, mshahara na makato, na muda wa majaribio. Hapo kwenye majaribio soma mara mbili, maana aliye kazini chini ya miezi sita hana kinga ya sheria dhidi ya kuachishwa isivyo haki. Utahitaji mlango wa nyuma usioubamiza.

Barua ikishafika, hesabu siku. Wengi tunaofundisha tempo, yaani kwa muda, huamini kwamba hatuna ajira, tuna vipindi tu, na kwamba kuondoka ni kutoonekana Jumatatu. Hapana. Kwa Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004, mojawapo ya vigezo vya kumhesabu mtu kuwa mwajiriwa ni wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita. Vipindi 18 vya dakika 40 kwa wiki ni saa 12. Zidisha kwa nne, umeshavuka. Basi Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka huohuo inakuhusu: anayelipwa kwa mwezi, akishapita mwezi wa kwanza, hutoa notisi ya maandishi ya siku 28. Ukigoma kufanya kazi siku hizo, mwajiri anaruhusiwa kukata malipo ya siku hizo kwenye stahiki zako. Nawe dai chako: malipo ya kazi uliyofanya, likizo unayodai, na hati ya utumishi. Kama unahamia serikalini, pitia NSSF uhakikishe michango yako iliingia kweli, kwa sababu huko mbele utakatwa kwenda PSSSF.

Mkuu wa shule apate habari kutoka kinywani mwako, barua ikiwa mkononi, kabla ya mwalimu wa taaluma kuisikia kwenye foleni ya chai. Mimi niliulizwa, "Mwalimu, kwa hiyo unatuachia hawa watoto?" Swali hilo halijibiwi kwa kuomba radhi. Linajibiwa kwa makabidhiano.

Na hapa ndipo ninapokuomba utulie, mwalimu mwenzangu.

Nilipoanza Hisabati Kidato cha Tatu, mwezi Julai, nilirithi darasa la mtu aliyeondoka kimyakimya. Shajara ya somo ilikuwa imejazwa hadi wiki ya pili ya Machi, kisha mistari mitupu. Azimio la kazi lilikuwa limeondoka naye kwenye begi. Nikaandika ubaoni kichwa cha mada ya takwimu. Binti mmoja wa safu ya pili akafungua daftari lake na kuligeuzia kwangu bila kusema neno: jedwali la wastani limepigwa rula vizuri, na vema ya wino mwekundu pembeni. "Mwalimu, hii tulishamaliza," akasema jirani yake. "Tuliishia mfululizo." Mkondo wa B wakaapa kwamba wao hawajaufikia. Ilinichukua wiki mbili kujua kila mkondo umesimama wapi, na wiki zile wanafunzi wale hawakurudishiwa na mtu.

Kwa hiyo zamu yangu ilipofika, nilimwomba mwajiri mpya wiki tatu. Akanipa mbili. Siku zilizobaki kwenye notisi nilikubaliana na mkuu nizifidie kwa kuja Jumamosi asubuhi hadi mwezi uishe. Kila mkondo niliuandikia karatasi moja: mada tuliyoishia, mfano wa mwisho niliofanya ubaoni, zoezi ambalo halijasahihishwa, na majina ya wanaohitaji kuketishwa karibu. Kuna kijana aliyekuwa haoni ubao vizuri na alikuwa anaona haya kusema. Hilo halimo kwenye azimio lolote, nalo nililiandika. Alama za maendeleo za Kidato cha Nne nilizikabidhi kwa mwalimu wa taaluma kwa saini, kwa kuwa shule huzituma NECTA na mtoto hawezi kuzitafuta nyumbani kwako.

Wanafunzi waambie mwenyewe, na usiwaambie siku ya mwisho. Waambie kipindi kimoja kabla, zikibaki dakika kumi, wapate usiku mzima wa kufikiri cha kukuuliza. Wengine watanyamaza, wengine wataomba namba ya simu, na mmoja atauliza mshahara mpya ni shilingi ngapi. Siku ya mwisho ingia na chaki, ufundishe.

Mimi nilitoa zoezi la maswali matano. Kijana yule wa ubao, ambaye sasa alikuwa anakaa mbele, akanyoosha mkono: "Mwalimu, hili atasahihisha nani?" Nikakusanya madaftari yote 41, nikayasahihisha usiku ule mezani kwangu, na asubuhi nikayapitisha shuleni kabla ya kupanda daladala kwenda kazini.