Mgeni wa Kilo 50

Mji Mkongwe, Unguja. Barazani pa nyumba ya ghorofa mbili umetuliwa mfuko wa saruji. Mlango wa nakshi uko wazi nusu, bawa moja limekwama tangu masika. Juu ya waya, kunguru.

SARUJI: Shikamoo, babu.

MLANGO: Marahaba, mjukuu wangu. Umekuja kwa heri?

SARUJI: Kwa heri tupu. Ukuta umevimba, lipu inamwagika. Nitaubana mpaka usitikisike.

MLANGO: Hapo ndipo unaponitisha. Ukuta huu ni mawe ya matumbawe na chokaa. Masika unakunywa maji, kiangazi unayatoa. Ukishauziba wewe, maji yatatokea wapi? Yatakaa ndani yakiozesha ncha za boriti. Boriti zenyewe ni za mikoko, hazizidi mita 3 hivi, ndiyo maana vyumba vyetu vyembamba. Ncha zikioza, dari linashuka.

SARUJI: Lakini mimi nina nguvu!

MLANGO: Nani kakubishia?

KUNGURU: Karibu, ndugu yangu. Na sisi tuliletwa kuokoa. Miaka ya 1890 tulitolewa India tuje kula taka za mji. Tukala taka, tukala na makinda ya ndege wenyeji. Leo tunategewa sumu.

SARUJI: Kwani mji huu hauna wenyewe? Si uko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2000?

MLANGO: Wenyewe wapo, na sheria ipo. Ndiyo maana hutamwona mtu akitia saini nyumba ivunjwe. Warithi wanagombana, bati linavuja, kila mmoja anamngoja mwenzake apande juu. Mwaka huu bati, mwakani boriti, mwaka wa tatu kibao: HATARI, USIPITE. Mvua imeshatia saini.

KUNGURU: Na mvua haiitwi mbele ya tume.

MLANGO: Hata wakubwa hawasalimiki. Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, lilijulikana dunia nzima. Upande wake mmoja uliporomoka tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini. Watu wawili walikufa. Sembuse sisi wa vichochoroni.

SARUJI: Na wewe, babu, nyumba ikianguka?

MLANGO: Mimi nishapimwa. Kaja kijana na futikamba, kanihesabia misumari ya shaba mmoja mmoja, kanipiga picha mpaka kizingiti. Ufa ulio ubavuni pangu hakuuona. Nitapigiliwa hotelini, nyuma ya meza ya mapokezi.

KUNGURU: Penye kiyoyozi!

MLANGO: Ukinifungua, unakutana na ukuta.

SARUJI: Basi babu, wakanirudishe dukani, wanunue chokaa. Haipatikani?

MLANGO: Inapatikana. Ila inataka kulowekwa miezi kabla ya kutumika, na fundi kaambiwa amalize Ijumaa.

KUNGURU: Kabla ya sala au baada?