Ubosi Wangu

Nimechoka kuitwa bosi. Sokoni hapa Giteranyi, ukipita kwenye maharagwe umevaa viatu vilivyopigwa rangi, umeshapandishwa cheo. "Bosi, nikupimie ngapi?" "Bosi, nikubebee?" Kijana wa taksi-velo ndiye kazidi. Akiniita kaka, bei ni ile ile ya watu wote. Akiniita bosi, najua faranga zangu zimeshaaga.

Zamani mkubwa alikuwa "patron", Kifaransa safi. Kiingereza kikafanywa lugha rasmi ya Burundi mwaka 2014, lakini hili bosi nawashuku zaidi wafanyabiashara wa Ngara, ng'ambo ya mpaka, ambao huvusha kila kitu.

Wala asili yake si Uingereza. Wamarekani walilichukua kwa Waholanzi walioanzisha mji ambao leo ni New York. Kwao "baas" ni mkubwa wa kazi. Wafanyakazi weupe wa Marekani hawakutaka kumwita tajiri wao "master", maana hivyo ndivyo mtumwa alivyomwita aliyemmiliki. Bosi likawafaa: mimi nafanya, wewe unalipa, jioni kila mtu kwake. Neno hilo hilo la Kiholanzi likatua Afrika Kusini, na huko mtu mweusi akatakiwa kumwita Mzungu yeyote "baas", hata asiyemlipa senti. Halafu mtu ananiita hivyo kwa sababu ya kilo mbili za maharagwe!

Sisi wenyewe tulikuwa na shebuja. Katika ubugabire wa wazee wetu, shebuja alimpa mtu ng'ombe, na mtu huyo akawa wake, akimtumikia na kumpelekea pombe. Sisifii mambo yale, lakini angalau ukubwa ulikuwa na gharama. Siku hizi unaupata kwa kiwi ya viatu.

Haya yote nilimweleza kijana wa taksi-velo tukiwa mlimani, yeye akisukuma baiskeli, mimi nikihema nyuma yake, maana bosi wa hapa hupakiwa kwenye mteremko tu. Nauli hata hivyo ni ya safari nzima. Alinisikiliza kwa adabu hadi juu.

"Kumbe! Sasa bosi, ng'ombe wangu nije kumchukua lini?"

Tangu hapo kijiwe chao chote kinaniulizia hali ya ng'ombe. Jana mmoja kanivuta pembeni, kanisihi nisimtoe sasa: ana mimba.