Yakimwagika Hayazoleki, Lakini Yanahesabika

Tarehe 1 Novemba 1986 ghala la kemikali liliungua karibu na Basel, Uswisi. Maji ya zimamoto yakasomba viuatilifu hadi mto Rhine. Mto ukageuka mwekundu, na mikunga, wale samaki warefu kama nyoka, wakafa kwa wingi. Watu wa chini ya mto, hadi Uholanzi, wakabaki na swali: sumu itatufikia lini? Modeli ya tahadhari ya Rhine, yaani hesabu ya mto ndani ya kompyuta, ilitengenezwa kujibu swali la namna hiyo. Haya, tuhesabu kwa kurudi nyuma tabia ambazo modeli haina budi kuzijua.

5. Maji hubeba. Kwa kasi ya mita 1 kwa sekunde, tone husafiri kilomita 86 kwa siku, halilali wala haliombi lifti.

4. Maji hutawanya. Katikati ya mto yanakimbia, kandokando yanajikokota. Wingu la sumu hurefuka kama msafara wa harusi uliokatwa na mataa: wa mbele wameshafika ukumbini, wa nyuma bado wanapiga honi.

3. Maji huchoka. Mwaka 1925, watafiti Streeter na Phelps waliuandikia mto Ohio hesabu yake: bakteria wakila maji taka hutumia oksijeni, na hewa huirudisha polepole. Kwa hiyo samaki hahemi sana pale kwenye bomba la uchafu. Huhema mbele zaidi, mahali ambapo mwenye bomba hafiki.

2. Kompyuta nayo ina pupa. Mto hukatwa vipande, muda nao hukatwa. Wanahisabati Courant, Friedrichs na Lewy walionyesha mwaka 1928 kwamba hatua ya muda ikizidi mno, hesabu huvurugika. Haraka haraka haina baraka, safari hii kwa kanuni! Kosa ninaloliogopa zaidi ni la kimyakimya: vipande vikiwa vikubwa, kompyuta hutawanya sumu ambayo mto haujaitawanya, na kilele kikali cha sumu kikaonekana kipole.

1. Maji hukawia. Tabia hii ndiyo kipenzi changu. Kando ya Rhine kuna kuta fupi za mawe zilizoingia mtoni. Nyuma yake maji huzunguka, sumu hupiga kambi, kisha hutoka kidogo kidogo. Huwezi kulikisia hilo ukiwa mezani: wataalamu walimwaga rangi isiyodhuru mtoni, wakaipima ilivyopita kituo hadi kituo, ndipo wakairekebisha modeli. Mwenye mtambo wa maji anausubiri mkia huo wa sumu upite, ndipo afungue koki.